Mafuta Kwenye Shina la Kisu

Ephantus Ngigi alikuwa amelala kifudifudi juu ya mimbari aliyokuwa akiichonga. Damu yake ilikuwa imefuata mfereji wa nakshi hadi mwisho wa ubao, kama maji yanavyofuata mtaro wa shamba.

Inspekta Khisa alivua kofia, akaomba kimyakimya, akaivaa tena. Kisha akaanza kazi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na mabati ya karakana ya Sardar Gurdit Singh yalikuwa yameanza kulia kwa jua. Nje, watu wa Bondeni walikuwa wamejaa mlangoni. Konstebo aliwazuia kwa rungu lake, lakini shingo zao hazikuzuilika.

Kando ya maiti ilikuwapo ruta, mashine ya umeme ya kuchimba nakshi, yenye vishikio viwili kama masikio ya chungu. Mdomo wake ulikuwa mtupu. Kisu chake, kipande cha chuma kifupi kuliko kidole, kilikuwa sakafuni katikati ya maranda, kimelowa damu. Daktari alikikagua, akakagua na shingo ya marehemu, akatikisa kichwa.

"Kimechomoka mashine ikizunguka," alisema. "Kimekata mshipa mkubwa wa shingo. Hakuteseka sana."

Khisa alikifunga kisu kwenye karatasi kuwa kielelezo. Hakujua mashine hizo. Alisogea kwenye sanduku la visu lililokuwa wazi mezani, akaokota kimoja kizima ili ajue kinavyofanana. Juu kilikuwa na makali, chini kilikuwa na shina la mviringo, laini, linaloteleza. Akakirudisha, akafuta vidole kwa kitambaa chake cha mfukoni, akageukia mashahidi.

"Nani alikuwa wa kwanza kumwona?"

"Ni mimi," alisema Mzee Peterson.

Peterson alikuwa nyapara wa karakana na mzee wa kanisa ambalo Khisa mwenyewe alisali. Mimbari ile ilikuwa ya kanisa hilo. Askofu alikuwa anakuja kuiweka wakfu, na Peterson ndiye aliyesimamia kazi yote. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefungwa bendeji.

"Umeumia, Mzee?"

"Mashine hiyo hiyo ilinikata majuzi. Ni kidogo tu." Akakificha kidole ndani ya koti. "Inspekta, ni vigumu kusema, lakini ukweli ni ukweli. Asubuhi, kabla Ngigi hajafika, nilimwona Waithaka ameinama juu ya mashine. Alikuwa na spana."

"Akikaza au akilegeza?"

"Mungu ndiye ajuaye. Mimi niliona spana."

Waithaka alikuwa amesimama pembeni, mtu mrefu mwembamba, mkono wake juu ya benchi lake kana kwamba benchi lingemtetea. Alikuwa amerudi mwaka huo kutoka kizuizini, walikofungiwa walioshukiwa uasi dhidi ya serikali. Khisa alijua. Kila mtu alijua.

"Wewe. Uligusa mashine leo?"

"Sikuigusa, afande."

"Jana ulimwambia marehemu nini?"

"Nilimwambia itammeza."

Watu mlangoni waliguna.

"Ulimwambia hivyo mbele za watu?"

"Mbele za watu. Alikuwa anaikimbiza, afande. Askofu anakuja, askofu anakuja, kila siku wimbo ni huo. Fundi anayekimbiza mashine humezwa nayo. Hata wewe ungemwambia."

"Miaka iliyopita ulikuwa wapi?"

Waithaka alimtazama. "Unajua nilikokuwa."

Jibu hilo lilimtosha Khisa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini lilimtosha.

"Sahib," alisema Gurdit Singh, kilemba chake kimeenda upande, macho mekundu. "Nati ya kisu, sahib. Wewe ngoja kwanza, tazama nati."

"Baadaye, Sardar."

Konstebo alimvua Waithaka viatu, kama ilivyokuwa desturi kwa watu wa kizuizini ili wasikimbie, akamchuchumaza mlangoni, mikono kichwani. Hapo ndipo mke wake, Mugure, alipofika na kibuyu cha uji wa mume wake. Alikiona kichwa cha mume wake katikati ya miguu ya watu. Hakulia. Alimtazama inspekta usoni, akaweka kibuyu chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Khisa alikuwa wa kwanza kuangalia kando.

*

Mkuu wa polisi alifurahi. Mtu wa kizuizini, tishio mbele za watu, shahidi mzee wa kanisa. "Faili safi," alisema. Iende kwa hakimu upesi. Khisa alijua faili kama hiyo inaishia wapi katika siku hizo za Hali ya Hatari. Inaishia kwenye kamba.

Jumapili alikwenda kanisani. Wimbo ulipokwisha, Mzee Peterson alisimama mbele kuwaalika wenye dhambi kuja nuruni, kama walivyozoea katika ushirika wao: mtu husimama, hutaja kosa lake kwa jina, na ndugu huimba. Siku hiyo Peterson alifungua mdomo, akakaa hivyo, mdomo wazi, mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akaanzisha wimbo mwingine.

"Maskini," Eucabeth, mke wa Khisa, alimnong'oneza. "Alimpenda sana Ngigi."

Alasiri Eucabeth alikuwa akifua uani. Akamwita mume wake.

"Baba Nekesa, kitambaa hiki umekipeleka wapi?"

"Kazini."

"Kazini kwenu sasa mnakanda watoto wachanga? Nusa."

Khisa alinusa. Harufu ilikuwa nzito, ya mbegu zilizokaangwa.

"Ni mafuta ya mbarika," alisema Eucabeth. "Sabuni haiyawezi. Majirani zetu Wakikuyu huwapaka watoto wakiwabariki. Zamani, maana siku hizi kanisa limekataza. Si unamkumbuka yule mama wa Subukia, mama yake Mzee Peterson mwenyewe? Alitengwa na meza ya Bwana kwa kumpaka mjukuu. Mwanawe ndiye aliyesimama akasoma jina lake. Siku ile nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake."

Khisa alikaa chini kwenye kigoda na kitambaa mkononi. Vidole vyake vilikuwa vimegusa kitu kimoja tu chenye mafuta siku ile.

*

Jumatatu asubuhi alirudi karakana peke yake. Gurdit Singh alimkuta mlangoni na hakumsalimu.

"Wewe nafunga mtu kwa nati kulegea," alisema. "Nati hapana legea. Mimi nasema Jumamosi. Wewe nasema baadaye."

"Nilikosea kutokusikiliza. Nionyeshe sasa, Sardar."

Mashine ilikuwa bado na utepe wa polisi. Khisa aliukata. Gurdit Singh alimpa spana mbili, moja ya kushikilia mhimili, nyingine ya nati. Khisa alivuta. Nati haikutikisika. Akavuta tena mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, ndipo ikalia na kuachia.

"Imekaza," alisema.

"Imekaza sana. Ngigi nakaza mwenyewe. Fundi mzuri."

"Basi kisu kilichomokaje?"

Mhindi alitoa kutoka mdomoni mwa mashine kibomba kidogo cha chuma kilichopasuliwa ubavuni. "Hii koleti. Kama mkono. Nati nabana koleti, koleti nabana shina ya kisu. Sasa wewe shika samaki kwa mkono. Shika nguvu."

"Naam."

"Samaki nafanya nini?"

"Huteleza," alisema Khisa. "Labda koleti imechakaa."

"Mpya. Nafika na treni kutoka Mombasa mwezi hii."

"Labda shina halikuingizwa vya kutosha."

"Leta kisu."

Khisa alifungua karatasi. Kwenye shina, alama za mikwaruzo zilizunguka kama uzi wa parafujo, tangu karibu na mwisho wa chini. Kisu kilikuwa kimekaa ndani sawasawa, kisha kikajizungusha na kushuka kidogo kidogo.

Aliiendea mimbari. Alichukua kijiti cha kibiriti, akakisimamisha mwanzo wa mfereji wa nakshi. Mfereji ulimeza kichwa cha kijiti tu. Katikati ulimeza nusu. Mwisho, penye doa jeusi, kijiti kizima kilizama. Kisu kilikuwa kikishuka kazi ikiendelea, na Ngigi hakusimama kutazama, kwa maana askofu alikuwa anakuja. Waithaka alikuwa amesema kweli. Alikuwa anaikimbiza.

"Hakuna aliyelegeza kitu," alisema Khisa polepole. "Shina lilikuwa na mafuta."

"Mimi hapana weka mafuta kwa shina. Mtu mjinga tu naweka."

"Nifungulie sanduku la visu."

Lilikuwa limefungwa. Gurdit Singh alileta ufunguo kutoka msumari ambapo Peterson huutundika. Khisa aliokota kisu kimoja, kingine, cha tatu. Vyote vilikuwa vikavu. Vilinuka mafuta ya taa.

Jumamosi kabla ya adhuhuri visu hivi vilikuwa na mbarika. Na tangu adhuhuri hiyo Waithaka alikuwa seli, bila viatu.

"Nani ameviosha?"

"Peterson. Jumamosi, nyinyi nakwenda, yeye nakaa chini, naosha moja moja." Gurdit Singh alishika ndevu zake. "Mimi nafikiri ni huzuni. Mtu ya huzuni nasafisha vitu. Baba yangu nakufa, mimi nasafisha misumeno yote."

*

Gari la polisi lilimfikisha Subukia kabla ya saa sita. Bibi Wariara, mama yake Peterson, alikuwa nje ya nyumba yake, akitwanga mbegu za mbarika kwenye kinu kidogo. Alikuwa mdogo kuliko Khisa alivyomkumbuka, au labda mtu aliyetengwa hupungua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ni wa kanisani kwa mwanangu. Nakujua. Ulikaa safu ya mbele siku ile."

Khisa aliinamisha macho. Alikuwa amekaa safu ya mbele, na alikuwa ameimba.

"Mwanao amekuja hapa karibuni?"

Uso wa bibi ulifunguka wote. "Amekuja. Alipitia nyuma ya zizi ili majirani wasimwone, lakini amekuja. Aliniambia mashine imemkata, na kazi ni ya nyumba ya Mungu, na moyo wake hautulii. Nikamwambia, chuma kilichoonja damu hakirudi kazini kabla hakijapakwa na kuombewa. Nikamwambia, wewe ulikua ukiona nikipaka jembe la baba yako. Akasema, basi nipe. Mwanangu huyo, aliyekataa hata chai yangu, akasema nipe." Alifuta mikono kwenye shuka lake. "Akapiga magoti hapo uliposimama, nikamwekea mkono kichwani. Nimemshukuru Mungu kila siku tangu hapo. Kidole chake kimepona?"

"Kinaendelea kupona, Mama."

"Na mimbari?"

Khisa aliinama kumuaga. Alisema asante, akarudi garini, na dereva alipomwuliza waende wapi hakusikia mara ya kwanza.

*

Mzee Peterson alikuwa peke yake karakana, amevaa suti nyeusi. Maziko ya Ngigi yalikuwa siku ya pili yake, naye ndiye angeyaongoza. Alikuwa akiisugua mimbari kwa msasa, penye doa. Khisa alivuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Acha kusugua, Mzee. Hicho ni kielelezo."

Msasa ulisimama.

"Nataka unisaidie na maelezo yako. Waithaka alikuwa upande gani wa mashine?"

"Upande wa dirisha."

"Spana ilikuwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Spana moja?"

"Moja."

"Nati ile hailegei kwa spana moja. Mhimili unazunguka nayo. Nimejaribu leo."

Peterson aliukunja msasa mkononi.

"Na haikulegea. Iko vile Ngigi alivyoikaza."

"Labda niliona vibaya. Palikuwa na kivuli."

Khisa alitoa kitambaa mfukoni, akakitandaza juu ya goti la mzee. "Nusa."

"Sina haja."

"Jumamosi niliokota kisu sandukuni nikafuta vidole hapa. Leo visu vyote vinanuka mafuta ya taa. Waithaka hakutoka seli kuviosha."

"Inspekta..."

"Nimetoka Subukia."

Hapo mzee aliinama, mikono usoni, na bendeji yake nyeupe ikaonekana katikati ya vidole. Alipozungumza, sauti ilitoka chini kama ya mtu aliye kisimani.

"Umemwambia?"

"Sikuweza. Niambie wewe kwanza."

"Nilipaka mashina tu," alisema Peterson. "Sikugusa makali. Makali yangetia mbao madoa, na watu wangeuliza. Shina linafichwa ndani ya mashine. Nilisema, Mungu ataona, watu hawataona. Nilivipaka vyote, kimoja kimoja, nikiomba. Nilimwombea Ngigi. Kwa jina lake, Inspekta. Nilimwombea asiumie."

"Ulijua lini kwamba ni mafuta yaliyomwua?"

"Nilipomkuta. Niligusa nati, ikawa imekaza. Niliangalia vidole vyangu, vinang'aa mafuta. Nikajua."

"Na Waithaka na spana?"

"Hakukuwa na spana. Waithaka alifika baada yangu. Nilipomkuta Ngigi, alikuwa hajafika bado."

"Kwa nini yeye?"

Peterson aliinua uso. Haukuwa na hila tena, wala heshima iliyozoea kukaa pale.

"Kwa sababu nilijua utakubali. Ningemtaja Omolo fundi wa rangi, ungeniuliza maswali. Kwa Waithaka hukuniuliza hata moja."

Khisa alihisi maneno hayo yakiingia, yakakaa mahali yalipotakiwa kukaa. Alitamani kukasirika. Hasira haikuja.

"Ungemwacha anyongwe?"

"Jana nilisimama kanisani niseme. Uliniona. Nilifungua mdomo, ukatoa wimbo." Machozi yalikuwa yakishuka sasa, hakuyafuta. "Mama yangu mwenyewe nilimtoa mezani pa Bwana kwa mafuta haya haya. Nilisoma jina lake lote mbele ya kanisa, na yeye amekaa pale na leso yake mpya. Ningesimamaje niseme nimekwenda kwa siri kuyaomba kwake? Kifo cha Ngigi ningeweza kukikiri. Ilikuwa ajali. Lakini aibu ile... Niliona heri damu ya mtu mwingine kuliko aibu ile. Ndiyo kweli yote. Andika."

Khisa aliandika. Kosa la kupaka mafuta halikuwa mauaji. Lakini ushahidi wa uongo na kuharibu vielelezo ni makosa ya jinai, na alimweleza hivyo kwa sauti ya kawaida. Peterson alinyoosha mikono yake. Khisa hakumfunga pingu. Hakumvua viatu pia.

"Kuna kitu kimoja," alisema mzee mlangoni. "Mama asikie kutoka kwangu. Atafikiri baraka yake ndiyo iliyoua."

"Nitamleta kituoni. Utamwambia mwenyewe kwamba mkono ulioweka mafuta mahali pasipofaa ulikuwa wako, na kwa nini uliyaficha huko."

*

Mkuu wa polisi alisoma maelezo yale mara mbili, akasema Waithaka aachiliwe. "Mtoe kwa mlango wa nyuma, pasiwe na maneno."

Khisa alikwenda seli yeye mwenyewe, na viatu mkononi. Waithaka aliketi kwenye saruji akavivaa, akafunga kamba taratibu. Alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa.

"Pole kwa yaliyokupata," alimaliza Khisa.

"Yaliyonipata," alisema Waithaka. "Kama mvua."

Khisa alivua kofia. Kisha akasema, "Kwa niliyokutendea."

"Hapo sawa." Waithaka alisimama. "Mlango upi?"

"Wameniambia wa nyuma."

"Ulinikamata mchana, afande. Watu wakiona. Mke wangu akiona."

Khisa alifungua mlango wa mbele.

Walitembea pamoja barabarani, kofia ya inspekta ikiwa mkononi mwake. Walipita sokoni Bondeni, na kelele za soko zilizimika mbele yao na kuanza tena nyuma yao. Wengi walidhani mfungwa anapelekwa kuonyesha mahali alipoficha kitu. Mlangoni pa karakana Waithaka alisimama.

"Hapa," alisema. "Ndipo ulipoanzia."

Watu walikuwa wamewafuata. Gurdit Singh alitoka, akiwa na randa mkononi. Mugure alikuwa hapo pia. Mtu alikuwa amemkimbilia kumwita. Khisa aliwatazama, akaona nyuso zile zile za Jumamosi, na shingo zile zile zilizorefushwa.

"Waithaka hana hatia," alisema. "Hakugusa mashine. Nilimkamata bila kuchunguza, kwa sababu ya alikotoka. Nimemkosea yeye, na mke wake."

Kisha sauti ya mwanamke muuza viazi ikatoka mwishoni kabisa.

"Huku nyuma hatujasikia, afande. Jumamosi tulikusikia vizuri."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha. Khisa alihisi uso wake ukiwaka mpaka masikioni. Alimtazama Mugure, na safari hii hakuangalia kando.

Akavuta pumzi, akasema yote tena tangu mwanzo, kwa sauti kubwa.